Jicho Kabla ya Mashine: Namna Askari Anavyofundishwa Kupekua Penye Vilipuzi

Ilikuwa miaka ile ambayo basi la Lamu halikuwa likitoka peke yake. Mlingojana Mokowe, mkaandamana, gari la polisi mbele na jingine nyuma. Siku hiyo tulikuwa tumeshapita Hindi na Witu, tunaelekea Nyongoro, msafara ukasimama. Mbele yetu palikuwa na kalvati, moja ya zile ndogo ambazo dereva mwenye haraka huzipita bila kujua kwamba chini yake kuna njia ya maji. Askari wawili walishuka. Yule wa kwanza hakuruka. Alisimama mlangoni kwa muda, akaikagua ardhi pale mguu wake ungetua, ndipo akateremka. Akatazama ukingo wa barabara, akatazama majani, akachutama, akatazama tena kwa upande. Mkononi hakuwa na kitu ila bunduki yake.

Dakika zikapita na jua la saa nne likaanza kuchoma kupitia madirishani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekaa karibu nami na kikapu cha maembe mapajani, akaniuliza: "Mwanangu, hawa hawana mashine? Si waipitishe tu hapo twende zetu?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile swali hilo nimelisikia tena na tena, barazani na hata kwa watu waliosoma. Jibu fupi ni kwamba mashine mara nyingine wanayo, lakini jicho huitangulia. Jibu refu linahitaji tuelewe kazi yenyewe, maana kazi hii wengi wetu tunaiona kila tukisafiri na hatujui tunachokitazama.

Mpekuzi na mteguzi

Tukisema "askari wa mabomu" huwa akilini tuna yule mtu aliyevaa vazi zito, kofia kubwa ya kioo usoni, anaukaribia mfuko ulioachwa stendi. Huyo ni mteguzi. Vazi lake peke yake laweza kupita kilo 30, na hakuna awezaye kulivaa kutwa katika joto la pwani akabaki na utulivu wa akili. Mteguzi huitwa pale kitu kimeshaonekana. Anayekiona ni mtu mwingine, na ndiye ninayetaka tumjue: mpekuzi.

Kazi ya mpekuzi huishia kwenye maneno machache tu: kuna kitu, kipo pale, kinaonekana hivi, na hii ndiyo njia salama niliyokuja nayo. Hakigusi, hakifunui zaidi, hakisogezi kwa fimbo. Kwa kulisikia ni jambo jepesi, kumbe ndilo gumu kuliko yote kulifundisha. Binadamu akiona waya umechomoza mchangani mkono wake hutangulia akili. Ndiyo maana kwenye viwanja vya mafunzo, ambako vitu vyote vinavyofukiwa ni bandia, mwanafunzi anayegusa huhesabiwa amekufa na zoezi likasimama hapo hapo mbele ya wenzake. Kuona na kuacha ndilo somo la kwanza, na mtu hulirudia mpaka mkono uzoee.

Majeshi mengi yameipanga kazi hii kwa ngazi. Kila askari, awe mpishi au karani, anapaswa kujua upekuzi wa msingi: kukagua anaposhuka garini, anapopumzika, anapolala. Juu yake kuna vikosi vidogo vilivyofunzwa kupekua njia, majumba na magari. Juu kabisa kuna timu za wahandisi wa jeshi, zikiongozwa na mshauri wa upekuzi, ambazo hupelekwa mahali ambapo taarifa zinasema wazi kwamba kitu kipo. Sehemu kubwa ya mpangilio huu ilijengwa na jeshi la Uingereza huko Ireland ya Kaskazini, ambako lilikaa tangu 1969 hadi 2007 na likapoteza watu wengi kwa mabomu ya kutegwa kabla ya kujifunza kwamba kupekua ni fani inayojitegemea.

Kwetu Kenya, fani hii ilipata makao mwaka 2005 pale Embakasi, Nairobi, kilipofunguliwa kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kuondoa mabomu ya ardhini kwa ushirikiano wa Kenya na Uingereza. Baadaye kilipewa jina la Humanitarian Peace Support School, na mafunzo yake yakapanuka kufikia vilipuzi vya kutengenezwa mikononi, kwa sababu hiyo ndiyo hatari waliyokuwa wakikabiliana nayo askari wa kanda hii waliopelekwa Somalia.

Tunatafuta nini hasa

Hapa pana fundo jingine la kufungua, kwani vitu vitatu tofauti vimefungwa katika neno moja "bomu".

Kuna bomu la ardhini, lililotengenezwa kiwandani na kufukiwa kwa ajili ya mguu wa mtu au gurudumu la gari. Kuna mabaki ya silaha: kombora au guruneti iliyorushwa zamani ikakataa kulipuka, ikabaki imelala. Na kuna kilipuzi cha kuunganishwa mikononi, ambacho hakina umbo maalumu wala kiwanda, kila mtengenezaji na namna yake. Mpekuzi hufunzwa tofauti zake kwa sababu kila kimoja hukaa mahali tofauti. Cha kwanza hupangwa kwa utaratibu wa kijeshi, cha pili hupatikana popote palipopiganiwa au palipofanyiwa mazoezi, na cha tatu hufuata mazoea ya binadamu. Aliyekiweka amekaa akachunguza nani anapita wapi, saa ngapi, na wapi analazimika kupunguza mwendo.

Kenya imevijua vyote vitatu. Vita vya Shifta miaka ya 1960 vilileta mabomu ya ardhini kwenye barabara za kaskazini, na ni vita hivyo hivyo vilivyowahamisha Wabajuni wengi kutoka vijiji vyao vya bara na visiwani hadi Amu (mji wa Lamu), Malindi na Mombasa. Wengine hawakurudi tena. Cha pili tumekijua kwa njia ya kusikitisha zaidi, kwani hakikuja na vita. Wafugaji wa Samburu na Laikipia waliuawa na kujeruhiwa na mabaki ya risasi kubwa na makombora yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi vilivyotumiwa na jeshi la Uingereza, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia ya pauni milioni 4.5 kwa waathiriwa zaidi ya 200. Naitaja habari hii kila nipatapo nafasi. Uwanja wa kufunzia askari nao unahitaji kupekuliwa baada ya mazoezi, na mtoto anayechunga mbuzi hana habari kama vita vilikuwa vya kweli au vya kuigiza.

Cha tatu ndicho kilichotuandama sisi Lamu. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na Al-Shabaab, mji wetu wa Mpeketoni ukashambuliwa Juni 2014, na Septemba 2015 ikaanzishwa operesheni ya Linda Boni ya kuwasaka wapiganaji hao ndani ya msitu wa Boni. Tangu hapo njia za kuelekea Kiunga, Mararani, Baure na Basuba zimekuwa zikitegwa. Juni 2017 gari la polisi lililipuliwa katika njia ya Mararani kwenda Kiunga. Walikufa watu wanane, na wanne kati yao walikuwa watoto wa shule waliopewa lifti. Nikiandika kuhusu upekuzi, hao wanne ndio walio mbele ya macho yangu.

Kisheria pia kuna jambo la kujua. Mkataba wa Ottawa wa 1997, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2001, unapiga marufuku mabomu ya kuua watu yanayotegwa ardhini. Kigezo chake ni namna kitu kinavyofanya kazi. Kikiwa kimetengenezwa kulipuka kwa sababu mtu amekikanyaga, amekigusa au amekikaribia, basi ni bomu lililokatazwa, hata kama kiliunganishwa kibandani kwa vitu vya dukani. Mkutano wa kwanza wa kuupitia mkataba huo ulifanyika Nairobi mwishoni mwa 2004, miezi michache kabla kituo cha Embakasi kufunguliwa.

Ardhi ina kawaida yake

Sasa turudi kwa yule askari aliyechutama.

Ardhi ambayo haijaguswa ina ukoko wake. Mchanga wa juu umepigwa jua ukafifia. Wa chini una unyevu na rangi yake imekoza. Ukichimbua na kurudisha, hata uwe na mkono mwepesi kiasi gani, rangi haitafanana siku hiyo hiyo. Udongo uliofukuliwa huvimba kwanza, kisha mvua ikinyesha hudidimia ukaacha kibonyeo. Majani makavu chini ya mti yamepangwa na upepo, upande mmoja umelala, upande mwingine umeinuka. Yakipangwa na mkono wa mtu hukosa mpangilio ule. Tawi lililokatwa asubuhi na kuwekwa kufunika kitu, alasiri limenyauka katikati ya wenzake mabichi. Umande wa alfajiri hulala sawasawa juu ya nyasi, na mtu akipita huacha mstari ambao utaonekana mpaka jua likaushe.

Ndiyo maana mpekuzi hujali saa. Saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni jua limelala, kila kibonyeo kina kivuli chake na ardhi inasomeka. Saa sita mchana vivuli vimeingia chini ya vitu, barabara nzima inaonekana tambarare kama mkeka. Na ndiyo maana huchutama na kutazama kwa upande: anautafuta ule mwanga wa kulala.

Wakufunzi wana kanuni moja yenye pande mbili. Tafuta kilichopo ambacho hakikupaswa kuwapo, na tafuta kilichopaswa kuwapo ambacho hakipo. Upande wa kwanza kila mtu anauelewa: jiwe lililopangwa juu ya jingine, kitambaa kwenye tawi, waya. Upande wa pili ndio unaookoa watu wengi. Kijiji ambacho watoto hukimbilia magari kila siku, leo kimya. Njia ya mkato ambayo wenyeji wamekuwa wakiipita, leo nyayo zote zinakwepa mahali pamoja. Hakuna mashine iwezayo kupima kukosekana kwa watoto.

Lakini kanuni hii ina mtego wake, na hapa ndipo Lamu inapokuwa mwalimu mkali. Ili ujue kisicho cha kawaida lazima kwanza ujue cha kawaida. Kijana aliyezaliwa Kericho au Machakos akiletwa Bodhei, kila kitu kwake ni kigeni. Ngiri na nungu huchimba mashimo usiku. Warina asali huacha alama kwenye miti. Wakata boriti huburuta miti ya mikoko na kuacha mifereji kwenye tope. Ufukweni kaa hufukua vichuguu vya mchanga mbichi kila maji yanapopwa, mamia kwa mamia, kila kimoja na rangi ya udongo uliotoka kuchimbwa! Askari mgeni atashuku vyote na kuchoka kabla ya saa sita, au, na hilo ni baya zaidi, atazoea mashimo mpaka asishuku hata lile moja.

Kwa hiyo mafunzo mazuri hayaishii Embakasi. Kikosi kinachoingia eneo jipya hutembezwa na kile kinachotoka, kikaonyeshwa picha za barabara ile ile za wiki zilizopita, kalvati kwa kalvati, kichaka kwa kichaka. Kusi kikibadilika kuwa Kaskazi, ardhi nayo hubadilika sura, na picha za Mei hazikufai Januari. Makabidhiano haya yakifanywa kwa pupa, ujuzi wa miezi mingi huondoka na lori linalorudi Nairobi, na waliobaki huanza kusoma alifu kwa ujiti.

Mashine aliyoiulizia yule mama

Ipo, na historia yake ni nzuri. Mwaka 1941 mhandisi wa Poland aliyekimbilia Scotland, Józef Kosacki, alibuni kifaa cha kubebwa mkononi cha kugundua mabomu, akakitoa kwa jeshi la Uingereza bila kudai haki ya ubunifu. Mwaka uliofuata mamia ya vifaa hivyo vilitumika jangwani El Alamein. Vya leo ni vyepesi na vyenye masikio makali zaidi, lakini msingi wake haujabadilika. Bangili kubwa ya waya hupitishiwa umeme unaobadilika-badilika, ukatengeneza uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikutana na chuma huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu unaorudi juu. Mashine huusikia, ikalia kwenye masikio ya askari.

Tatizo ni kwamba mashine haijui bomu. Inajua chuma tu, na dunia imejaa chuma. Waondoaji mabomu wa nchi nyingi wamezoea kufukua mamia ya vipande vya takataka kwa kila bomu moja wanalolipata. Fikiria ufukwe wa Matondoni, ambako mashua na majahazi yameundwa na kukarabatiwa vizazi na vizazi: misumari iliyopinda, vipande vya bati, vifuniko vya chupa. Ungepita na mashine pale ingelia tangu asubuhi hadi maghribi.

Kuna na chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme, basi mchanga uliolowa maji chumvi huijibu mashine karibu kama chuma. Udongo wenye madini ya chuma nao hufanya hivyo. Rada ya kupenya ardhini, ambayo hutuma mawimbi na kutafuta umbo la kitu hata kisicho cha chuma, husaidia sana penye mchanga mkavu, ila kwenye tope lenye chumvi mawimbi yake humezwa kabla hayajafika mbali. Nchi yetu hii ya maji kujaa na kupwa, mikoko na mawe ya matumbawe ni ngumu kwa vifaa, na mtu anayekwambia kuna mashine moja ya kuumaliza mchezo amekuuzia maneno.

Hivyo askari hufunzwa kuishi na mashine yake kama nahodha na tanga lake. Kila asubuhi huipima juu ya kipande cha chuma kinachojulikana, kilichofukiwa kina kinachojulikana, kabla hajaiamini. Huipitisha kwa mwendo sawa na kimo sawa, kila mpito ukiufunika kidogo ule uliotangulia, asiache ukanda usioguswa katikati. Na barabara yenye zaidi ya kilomita 100 kutoka Lamu hadi Garsen haiwezi kupekuliwa hivyo yote, labda uwe tayari kungoja siku nyingi. Ndipo uchaguzi wa kitaalamu unapoingia: kipande kirefu kinatazamwa kwa jicho kutoka garini, na nguvu huelekezwa pale ambapo adui angependa kutumia, yaani kwenye makalvati, madaraja, kona na sehemu nyembamba za njia. Lami imesaidia, kwa sababu ukiikata huwezi kuifunika isionekane. Kalvati limebaki lile lile.

Pua, na uchovu wa macho

Mbwa hunusa vilipuzi vyenyewe badala ya chuma, na hilo ni neema kubwa. Lakini mbwa ni kiumbe mwenye joto lake. Akihema kwa jua hawezi kunusa vizuri kwa wakati ule ule, kwa hiyo hapa pwani kazi yake nzuri ni ya alfajiri na jioni, na kivuli na maji ni sehemu ya vifaa vyake.

Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi. Shirika la APOPO, lenye makao Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mnyama huyo hana uzito wa kutosha kulilipua bomu, na eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa dakika 30 hivi, wakati mtu mwenye mashine ya chuma anaweza kuchukua hadi siku nne. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya wa aina hiyo walitumika Msumbiji pia, nchi iliyotangazwa kumaliza kuondoa mabomu yake ya ardhini yanayojulikana mwaka 2015. Kazi yao ni ya mashamba yaliyotulia baada ya vita. Barabara ambayo adui anaweza kurudi usiku huu kuitega upya inataka mbinu nyingine. Hata hivyo najivunia kwamba ujuzi huo ulikulia Morogoro.

Kuna chombo kingine kinachochoka, nacho ni akili ya mtu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Mwingereza Norman Mackworth alitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada, vijana wazima wenye macho mazima, walikuwa wakikosa kuona nyambizi kadiri zamu ilivyorefuka. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaoruka kidogo kidogo kama wa saa, wakatakiwa kubonyeza kila uliporuka mara mbili ya kawaida. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba uangalifu huanza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza tu. Watu hawakuwa wavivu. Ndivyo ubongo ulivyo pale unapongoja kitu kinachotokea kwa nadra.

Ugunduzi huo uko ndani ya kila mafunzo mazuri ya upekuzi. Wapekuzi hubadilishana kwa zamu fupi. Mashine hupokezanwa. Mkuu wa timu hana ruhusa ya kutafuta yeye mwenyewe, kwa sababu akiinamia ardhi nani atawatazama wenzake? Viwanja vya mazoezi vingine huachwa vitupu kwa makusudi, bila kitu chochote kilichofukiwa, ili mwanafunzi ajifunze kazi ya kusema "hapa hapana kitu" baada ya saa mbili za jasho na kulisimamia neno lake. Wengi hushindwa hapo. Mtu aliyezoea kupata kitu kila zoezi ataanza kukiona hata kisipokuwapo, au atalegea kwa kuwa hajapata.

Siku ile karibu na Nyongoro, kabla ya kutupungia mkono tupite, niliwaona wale askari wawili wakibadilishana pande. Kila mmoja akarudia kutazama upande aliotoka kuutazama mwenzake. Wakati ule nilidhani wanatupotezea muda.

Ndani ya nyumba ya mtu

Upekuzi wa nyumba una kanuni zake. Huanzia palipo salama kwenda pasipojulikana. Chumba hugawanywa sehemu, sakafu, kuta kwa kimo, kisha dari, na watu wawili hupita kwa zamu ili jicho la pili likosoe la kwanza. Nyumba za mawe za mji wa kale wa Amu zingemtoa jasho mpekuzi yeyote: kuta nene za matumbawe, vidaka mpaka juu, dari za boriti, vyumba vilivyojificha nyuma ya vyumba. Wapekuzi hufunzwa kupima urefu wa ndani na wa nje na kuuliza tofauti imekwenda wapi. Katika nyumba zetu tofauti hiyo mara nyingi ni unene wa ukuta tu, na askari asiyejua atabomoa kazi ya fundi wa karne zilizopita kwa ajili ya shimo lisilokuwapo.

Hapa sitaki kupita haraka. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na kutopekuliwa mwili, nyumba au mali yake kiholela. Mafunzo kamili huihesabu haki hiyo kama sehemu ya ufundi. Mwenye nyumba awepo na aone. Wanawake wapekuliwe na wanawake, na chumba cha mama kisiingiwe na wanaume bila ya notisi. Kilichovunjika kiandikwe, kilichochukuliwa kiandikwe na mwenyewe apewe nakala. Anayedhani hayo ni adabu za kuongezea tu hajaelewa habari inakotoka. Taarifa kwamba usiku fulani watu wageni walionekana karibu na kalvati hutoka kwa mrina asali, kwa mvuvi aliyepitisha mashua alfajiri, kwa mama aliyetoka kuteka maji. Mtu ambaye mlango wake ulipigwa teke wiki iliyopita, sanduku lake la arusi likamwagwa sakafuni, ataziona nyayo hizo na atanyamaza.

Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, ndio mfano ninaoufikiria zaidi. Kwa vizazi wameishi kwa kuwinda na kurina asali, wakimfuata ndege aonyeshaye mzinga. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na operesheni za miaka ya karibuni zimewafungia sehemu kubwa ya msitu uliokuwa ghala lao. Hao ndio watu wanaoweza kukwambia nyayo hii ni ya jana, ya mtu aliyebeba mzigo, tena si mwenyeji. Kuna jeshi lolote linaloweza kufunza macho hayo kwa wiki chache za kozi? Siamini. Lakini kuwauliza pia ni kuwahatarisha. Askari akisimamisha gari mchana kweupe mbele ya nyumba ya mzee, akazungumza naye nusu saa, ameondoka akiwa na habari na amemwachia mzee usiku wa hofu. Namna ya kupokea taarifa bila kumwanika aliyeitoa inapaswa kufunzwa kwa uzito ule ule wa mashine.

Ukikiona wewe

Vitu hivi hupatikana na raia pia, si askari peke yao. Watoto huokota vyuma vya kuuza kama skrepa, na wavuvi huokota vilivyoletwa na mawimbi. Kanuni kwa raia zinatokana na zile zile za mpekuzi. Usiguse, usirushe jiwe. Simama, kisha urudi kwa njia ile ile uliyojia, kwa sababu hiyo umeshaipita na unajua ni salama. Waondoe wengine, watoto kwanza, na msikusanyike kutazama. Usipige simu ukiwa karibu nacho. Nenda mbali kwanza, ndipo umpigie chifu au polisi kwa 999 au 112. Ukiona mawe yaliyopakwa rangi, upande mwekundu ndio wenye hatari, mweupe ndio uliopekuliwa. Na ukifika mbele ya maofisa, eleza ulichokiona tu: umbo, mahali, saa. Hayo ndiyo maneno yanayomfaa mteguzi atakayevaa lile vazi zito na kwenda peke yake.

Msafara wetu uliondoka baada ya dakika kama ishirini. Kalvati lilikuwa tupu. Yule askari wa kwanza, kijana mdogo, uso umejaa vumbi jekundu, alipita kando ya dirisha letu akirudi kwenye gari lake. Mama akatoa maembe mawili kikapuni, akamnyooshea. Kijana akayapokea kwa mikono miwili, akasema, "Shukrani, mama," akaenda kupanda gari la mbele, lile linalotangulia kufika kwenye kalvati lifuatalo.